Sifa ya Mbio

Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, baada ya kompyuta za Wizara ya Fedha kushindwa kuleta faida iliyotarajiwa. Mwaka huo huo, huko Marekani, kampuni ya Control Data ilikabidhi STAR-100, mojawapo ya kompyuta za kwanza za vekta, kwa maabara ya Livermore. Kwa desturi tunasimulia kwamba wenzetu walisonga mbele, sisi tukafunga mlango. Mimi naona kwamba pote pawili mashine ilisifiwa kabla haijapewa kazi.

Kompyuta ya kawaida hujumlisha namba mbili, kisha hurudi kuchukua nyingine mbili. Ya vekta hupewa amri moja kwa safu nzima ya namba. STAR-100 ilisifiwa kwa hesabu milioni 100 kwa sekunde. Lakini kila safu ilitolewa kwenye kumbukumbu kuu na kurudishwa huko huko, na matayarisho kabla ya jibu la kwanza yalikuwa marefu. Mfanyabiashara wa Temeke hahitaji kufundishwa jambo hili: huwezi kukodi lori la tani saba likuletee gunia moja kutoka Kariakoo. Tena hesabu za moja moja, ambazo hazikosekani katika kazi yoyote, mashine ile ilizifanya polepole.

Gene Amdahl alikwisha kuonya mwaka 1967. Chukua kazi ya dakika 100. Dakika 90 ziharakishe mara kumi, zibaki 9. Zile 10 nyingine usiziguse. Jumla ni 19. Umenunua mbio mara kumi, umepata mara tano tu.

Seymour Cray alilizingatia hilo. Cray-1 yake, iliyofika Los Alamos mwaka 1976, ilikuwa na rejista 8 za vekta, kila moja ikibeba namba 64 karibu kabisa na mahali pa kazi. Na hesabu za moja moja nazo zilikwenda upesi. Hata hivyo waandishi bado humsifu kwa kile kilele cha hesabu milioni 160 kwa sekunde. Kwa maoni yangu, sifa hiyo inampunja. Ubora wake ulikuwa katika kutoidharau kazi ndogo.

Nchi maskini ilikuwa na haki ya kuogopa kupoteza fedha za kigeni. Ninachokosoa ni hukumu yenyewe. Wenzetu waliuliza ni sehemu gani iliyochelewesha kazi, wakaitengeneza; sisi tulikihukumu chombo kizima, na marufuku ile haikulegezwa mpaka miaka ya 1980.

Siku hizi tumegeukia upande wa pili: tunanunua kila mtambo unaosifiwa kwa kasi. Swali, hata hivyo, ni lile lile. Kompyuta ikimaliza kazi yake kwa nukta moja, na faili likakaa wiki tatu mezani likingoja sahihi, mwananchi wa Mbagala amesubiri wiki tatu na nukta moja.