Saa ya Kaskazi: Jinsi Ngome ya Mombasa Ilivyochukuliwa Mwaka 1698

Maji yakipwa hapa Diani, mwamba hujitokeza kama ukuta uliobomolewa nusu, ukinyooka kwenda zake upande wa Msambweni. Nje yake bahari inachemka, ndani maji yametulia kama ya kisimani. Mwenye ngalawa hapiti popote apendapo. Hutafuta mlango, akapangana na wenzake mmoja mmoja, hata kama nje zimejazana ngalawa ishirini. Mwamba haupunguzi idadi yao, ila unaifanya idadi hiyo isiwe na kazi.

Nimeuanza mwamba kwa sababu unafafanua jambo ambalo Wareno walilijua vizuri kabla hawajaiona pwani yetu. Walijifunza nchini kwao, jioni ya tarehe 14 Agosti 1385, karibu na kijiji kiitwacho Aljubarrota. Siku hiyo mfalme wa Kastilia, Juan wa Kwanza, alikuja kudai taji la Ureno akiwa na jeshi ambalo hutajwa kuwa na watu zaidi ya 30,000. João wa Kwanza wa Ureno hakuwa na watu zaidi ya 7,000 hivi, wakiwemo wapiga mishale wa Kiingereza. Amiri wake, Nuno Álvares Pereira, aliwapanga juu ya gongo la ardhi lenye mabonde ya vijito huku na huku. Mbele, mahali pekee palipopitika, wakachimba mahandaki na mashimo mengi madogo ya kumvunja mguu farasi na kumkwaza mtu. Huo ndio mwamba na mlango wake. Jeshi kubwa lililazimika kujibana, likaingia kwa sehemu, na kila sehemu ilipoingia ilikuta watu wamesimama wakiingoja.

Wareno wengi husimulia habari hii kama muujiza. Mimi nauona muujiza huo mahali pengine kabisa: kwa nini Wakastilia walishambulia? Walikuwa wameshauona mlima, wakauzunguka ili wasishambulie upande ule mgumu, na Wareno nao wakageuka wakaangalia kusini. Jua la Agosti lilikuwa limewapiga Wakastilia mchana kutwa. Sehemu ya jeshi lao ilikuwa bado njiani. Mfalme mwenyewe alikuwa mgonjwa. Wazee wa vita, akiwemo Pedro López de Ayala aliyekuja kutekwa siku hiyo hiyo, waliona si busara kuanza jioni ile. Lakini vijana walikuwa na pupa, wakaenda. Kazi ilikwisha kwa muda wa saa moja hivi, na Juan akakimbilia Santarém usiku kwa usiku.

Handaki la Aljubarrota, basi, lilikuwa na nusu tu ya nguvu ya ushindi. Nusu ya pili aliileta adui mwenyewe kwa haraka yake. Je, ingekuwaje kama angekaa chini akala, akalala, akangoja wiki mbili hadi watu 7,000 wamalize unga wao juu ya lile gongo? Swali hilo halikujibiwa Ureno. Lilijibiwa Mombasa, miaka 311 baadaye.

Ngome ya Yesu, ngome ya Wareno huko Mombasa, ilianza kujengwa mwaka 1593. Mchoraji wake alikuwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, na aliyeamuru ijengwe alikuwa Felipe wa Pili, mfalme wa Hispania. Tangu 1580 taji la Ureno lilikuwa limeangukia kichwani mwake, yaani kile Kastilia ilichokikosa Aljubarrota ilikuwa imekipata baada ya karibu karne mbili. Pembe moja ya ngome ikaitwa São Filipe. Kwa ufundi, hata hivyo, mawazo ni yale yale ya Nuno Álvares. Gongo la ardhi ni jiwe la matumbawe lililokaa juu ya mdomo wa bahari. Vijito ni maji ya mlango wa Mombasa. Handaki limechongwa kwenye jiwe lenyewe upande wa nchi kavu. Na zile pembe nne zilizochomoza zimewekwa ili kila ukuta utazamwe na mizinga ya pembe ya jirani, mshambuliaji asipate hata shibiri moja ya kujificha. Anayekimbilia ukuta ule anakufa. Ndiyo maana mwaka 1661, Waarabu wa Oman walipokuja wakaupiga mji wa Mombasa, ngome ilibaki mikononi mwa Wareno.

Waliporudi walikuwa wamefikiri upya. Imamu wao, Saif bin Sultan wa ukoo wa Ya'ariba, aliletewa vilio vya watu wa Mombasa waliochoshwa na Wareno. Merikebu zake ziliingia Mombasa tarehe 13 Machi 1696, zikiwa na watu wanaokadiriwa kufika 3,000. Ndani ya ngome kulikuwa na askari wa Kireno kati ya 50 na 70, pamoja na mamia ya wenyeji waliokuwa upande wao.

Tuitazame tarehe hiyo kwa macho ya baharia, si ya mwanahistoria. Machi ni mkia wa kaskazi. Upepo uliowaleta Waomani kutoka Muskati ulikuwa karibu kufa, na baada yake huja maleleji, kisha kusi. Mreno aliyetaka kupeleka habari Goa, makao makuu yao ya India, ilimbidi apande na kusi. Huko Goa, hata habari ikifika mapema na gavana akikasirika siku hiyo hiyo, hawezi kutuma merikebu Mombasa mpaka kaskazi ianze tena, mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo Waomani walipotia nanga, walikuwa wamejinunulia miezi minane au tisa ambayo hakuna msaada wa Goa ungeweza kufika. Upepo wenyewe ulifunga njia.

Msaada wa Goa ulifika lini? Tarehe 25 Desemba 1696. Unaweza kuweka saa kwa kaskazi.

Ulibaki mlango mmoja ambao kusi haikuufunga, nao ulipita mbele ya macho ya watu wa kwetu. Merikebu ya kutoka Msumbiji hupanda kaskazini na kusi, ikipita nje ya mwamba wa Msambweni na Diani kabla ya kukata kuingia Mombasa. Hivyo ngome ilikuwa na misimu miwili ya kupumua: Desemba kwa upepo wa Goa, na katikati ya mwaka hadi Septemba kwa upepo wa Msumbiji. Ukipanga tarehe za misaada yote mikubwa ya mzingiro ule, zinaangukia humo humo. Desemba 1696 ni Goa. Septemba 1697 ni Msumbiji. Desemba 1697 ni Goa tena. Katikati yake ni njaa.

Nao Waomani walikula wapi? Walikuwa wameshika mji na kisiwa, na nyuma yao iko bara. Hapo ndipo mlinganyo wa Aljubarrota unapopinduka. Juu ya gongo lile la Ureno, mwenye haraka alikuwa mshambuliaji. Mombasa mwenye haraka alikuwa aliyejifungia. Ngome ilikuwa na kisima na birika la maji ya mvua, na njia ya matao iliyochongwa kwenye jiwe hadi ufukweni ili mashua zishushe chakula chini ya ulinzi wa mizinga. Ilikuwa kazi nzuri ya ujenzi, lakini njia ya kushushia chakula haina maana kama hakuna chombo kinachofika. Mwana Fatuma, malkia wa Unguja aliyekuwa upande wa Wareno, alijaribu kuwapelekea chakula kwa majahazi. Waomani walipomaliza kazi yao walimchukua yeye mwenyewe akaishi uhamishoni Oman.

Sitaki kuwafanya Waomani wawe mabingwa wasio na kasoro. Uzio wao ulivuja. Ile Desemba ya 1696 msafara wa Luís de Melo de Sampaio ulishusha watu na vyakula bila Waomani kuweza kuuzuia. Lakini tazama jenerali yule alifanya nini baada ya hapo: alishusha, akaondoka kwenda Msumbiji Januari. Hakuupiga mji, hakuwaondoa waliokuwa wameizunguka ngome. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika mambo yale, kubwa kuliko lolote la mwisho. Kumlisha aliyezingirwa bila kuvunja mzingiro ni kumwongezea siku za kufa. Na ndivyo ilivyokuwa. Maradhi yaliingia ndani ya kuta zile, watu wakawa wanazikwa kila siku, hadi mwishoni mwa Agosti 1697 hakukubaki hata Mreno mmoja aliyekuwa hai.

Hapa nataka tusimame, kwa sababu vitabu vingi hupita haraka mahali hapa.

Ngome ilikuwa haina Mreno, lakini haikuanguka. Aliyeshika uongozi ni Bwana Daud, mwana wa kifalme wa Faza, akiwa na jamaa zake 17, wanaume wa Kiafrika 8 na wanawake wa Kiafrika 50. Watu wasiozidi themanini, wengi wao wanawake, waliilinda ngome kubwa kuliko zote za pwani hii kwa zaidi ya majuma mawili mbele ya jeshi la Imamu. Kwa ufundi wa vita inawezekana, na inaeleweka. Ukuta uliobuniwa ili watu wachache wawazuie wengi hauulizi wachache hao ni wa kabila gani au ni wake kwa waume. Mzinga unaolia kutoka pembe ya São Mateus unalia vile vile. Waliokuwa nje waliona ngome bado ina meno, wakaendelea kungoja. Pupa ingewapa ushindi Septemba ile. Hawakujua, na kanuni yao ya kungoja, iliyowafaa miezi yote, siku hizo iliwanyima. Nikiingia ngomeni huwa nasimama pale juu nikawafikiria wanawake wale hamsini. Majina yao hayakuandikwa, na ninaona uchungu juu ya hilo kila mara.

Katikati ya Septemba Sampaio akarudi kutoka Msumbiji, na kusi ikiwa mgongoni mwake. Mojawapo ya merikebu zake, Santo António de Tanna, iliyoundwa Bassein huko India mwaka 1681, iliharibika mbele ya ngome ikazama Oktoba. Iko pale pale hadi leo chini ya maji. Kuanzia 1977 hadi 1980 wapiga mbizi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa kutoka nje waliichimbua, wakatoa vyombo, mizinga na mitungi ambayo unaweza kuitazama ngomeni. Ngome yenyewe ilianza kuchimbwa na James Kirkman mwaka 1958. Mwaka huo huo kule Aljubarrota mwanaakiolojia Afonso do Paço alianza kuyafukua mashimo ya Nuno Álvares. Sehemu mbili za hadithi moja zilifunuliwa ardhini kwa wakati mmoja, na sijui kama mmoja alikuwa na habari ya mwenzake.

Baada ya Desemba 1697 mambo yalikuwa hesabu tu. Askari wachache wapya, maradhi yale yale, mwaka mwingine wa kungoja. Kufika Desemba 1698 ngome ilikuwa na kapteni, Leandro Barbosa Souto Maior, watu tisa na padri mmoja. Watu kumi na mmoja kwa pembe nne. Mchoro wa Cairati una hesabu yake ya chini kabisa, na hapo ilikuwa imevunjwa: pembe zisipokuwa na watu hazitazamani tena, na ukuta unarudi kuwa jiwe la kupandwa. Safari hii Waomani walijua. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba waliuparamia, na asubuhi ngome ikawa yao. Ni miezi 33 kamili tangu watie nanga.

Wasimulizi hupenda usiku huo, ngazi na panga na kapteni akianguka. Mimi naona usiku huo ulikuwa wa kuokota tunda lililokwisha kuiva. Vita vilishindwa ile Machi ya 1696, pale mtu mmoja wa Oman alipoangalia upepo akaamua kwamba ngome isiyoingilika haina haja ya kuingiliwa, ilimradi wewe una mahali pa kula na yeye hana. Siku saba baada ya kuanguka, msafara wa Goa ulitokea na kaskazi, kwa wakati wake, ukaiona bendera nyekundu ya Oman juu ya ukuta, ukageuza.

Miaka thelathini baadaye, mwaka 1728, Wareno walirudi wakaingia ngomeni, maana walioishika walikuwa wamegombana wao kwa wao. Hawakukaa hata miaka miwili. Mara hii waliowazingira walikuwa watu wa Mombasa wenyewe, na hawakuhitaji merikebu za Imamu wala miezi 33. Walifunga chakula. Novemba 1729 Wareno walikubali kutoka, wakapewa ruhusa ya kwenda Msumbiji. Kaskazi ilikuwa imeanza, na upepo huo hukupeleka kusini bila taabu, nje ya mwamba wa Tiwi, wa Diani, wa Msambweni, mpaka Vanga na mbele zaidi.