Kuungua kwa Teldrassil: Mauaji ya Kimbari, Ukimbizi na Utambulisho wa Kitamaduni katika Masimulizi ya World of Warcraft

Katika masimulizi ya michezo ya kompyuta ya kifantasia, maangamizi ya jamii nzima ni jambo la kawaida mno. Falme huwa zimeteketea kabla mchezo haujaanza, makabila hutajwa kwa kuwa yamekwisha, na shujaa mara nyingi ni yatima wa kijiji kilichochomwa. Maangamizi ya aina hiyo ni mandharinyuma tu. Hayamgharimu mchezaji chochote. Kuungua kwa mti wa Teldrassil katika World of Warcraft, mchezo wa kampuni ya Blizzard Entertainment uliotoka mwaka 2004, kunatofautiana na desturi hiyo kwa sababu moja ya msingi: mahali palipoangamizwa palikuwa pamekaliwa na wachezaji kwa takribani miaka 14. Aliyechagua kuwa Mwelfi wa Usiku alianzia maisha yake ya kimchezo juu ya mti huo, akajifunza kupigana katika vichaka vya kijiji cha Dolanaar, kisha akaingia Darnassus, mji mkuu. Mti ulipochomwa katikati ya mwaka 2018, kama utangulizi wa toleo la nyongeza la Battle for Azeroth, kilichopotea hakikuwa habari. Kilikuwa kwao.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tukio hilo lilisimuliwa vizuri siku lilipotokea na likasimuliwa vibaya kwa miaka iliyofuata, na kwamba chanzo cha kasoro hiyo ni muundo wa mchezo wenyewe zaidi kuliko udhaifu wa waandishi wake.

Dhana yenyewe inahitaji uangalifu. Raphael Lemkin, aliyeliunda neno hilo mwaka 1944, alikusudia kitu kipana kuliko kuua: alijumuisha kubomolewa kwa lugha, taasisi na utamaduni wa kundi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948 uliacha nje sehemu kubwa ya upande huo wa utamaduni na kuweka uzito kwenye nia ya kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake. Kwa msomaji wa Kiswahili, istilahi ya mauaji ya kimbari imefungamana na Rwanda ya mwaka 1994 na na mahakama iliyoketi Arusha, ambayo mwaka 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo. Neno hili basi humfikia msomaji huyo likiwa na matarajio ya ushahidi, nia na hukumu. Ni haki kuupima mchezo kwa vigezo hivyo, kwa kuwa ni mchezo wenyewe uliochagua kuonyesha jinai ya aina hiyo.

Kuhusu nia, simulizi haina utata. Vita vinaanza kama mpango wa kuuteka mti na kuwashika wakazi wake ili kuugawa upande wa Alliance. Katika filamu fupi ya katuni iliyoambatana na tukio, Sylvanas Windrunner, kiongozi wa Horde, anazungumza na Delaryn Summermoon, nahodha wa Waelfi anayekata roho. Delaryn anamwambia kwamba matumaini hayauawi. Sylvanas anaamuru mti uchomwe. Raia waliomo ndio shabaha yenyewe, na hakuna faida ya kivita inayoweza kutajwa kuuhalalisha uamuzi huo.

Upande wa Alliance, mchezaji anaingizwa katika Darnassus inayowaka na kupewa kazi ya kuokoa raia. Kwenye skrini inaonekana idadi: 0 kati ya 982. Muda ni dakika chache. Hapa ndipo fani na maudhui vinapokutana kwa namna ambayo riwaya au filamu isingeweza. Kwa miaka mingi mchezo huu ulikuwa umemfundisha mchezaji kwamba kila idadi ya aina hiyo hujazwa; akitakiwa kuleta ngozi kumi, ataleta kumi. Sasa anakimbia kati ya moshi na miali, anawaokoa watu makumi kadhaa akiwa hodari, kisha moshi unamzidi nguvu. Kazi inakwisha bila kutimia. Mchezaji anabaki na hesabu ya wale aliowaacha, na anajua ilikuwa ngapi. Hakuna hotuba yoyote katika miaka iliyofuata iliyosema jambo zito kuliko tarakimu zile.

Mchezaji wa Horde, kwa upande wake, amepigana katika misitu ya Ashenvale na pwani ya Darkshore hadi kufikia ufuko unaoukabili mti. Hakupewa nafasi ya kukataa. Angeweza tu kuacha kucheza. Hali hii ingeweza kuwa na thamani kubwa ya kimaadili, kwa kuwa inamweka katika nafasi ya askari aliyetii hadi akajikuta ndani ya jinai. Lakini nusu ya wateja wa mchezo haiwezi kubaki na hatia hiyo mwezi baada ya mwezi huku ikilipia kucheza. Ulinganifu wa pande mbili ndio mhimili wa biashara na wa msuko pia. Hata hadithi mbili zilizochapishwa mwaka 2018 kuandamana na tukio, Elegy ya Christie Golden na A Good War ya Robert Brooks, zimegawanywa hivyo: moja ya Alliance, moja ya Horde. Mauaji ya kimbari hayana ulinganifu huo.

Suluhisho lililopatikana ni la kawaida: hatia yote ikabebeshwa mtu mmoja. Varok Saurfang, mzee wa Kiorki aliyebuni mpango wa vita, akawa kitovu cha simulizi, naye anasononekea heshima yake iliyochafuka. Mwaka 2019 anakufa akipigana na Sylvanas mbele ya malango ya Orgrimmar, Sylvanas anatoweka, na Horde inabaki imetakasika. Huzuni ya mtendaji imepewa nafasi pana kuliko huzuni ya aliyetendewa. Kati ya walionusurika, anayesikika hasa ni Tyrande Whisperwind, na kwa sehemu kubwa anasikika kama ghadhabu.

Toleo la Shadowlands la mwaka 2020 lilizidisha kasoro hiyo. Roho za waliokufa Teldrassil zinaishia Maw, mahali pa mateso, na mwaka 2021 inafichuliwa kwamba mungu wao Elune aliyaachilia maafa akidhani roho hizo zingekwenda kuinusuru nchi ya dada yake iliyokuwa ikinyauka. Wafu wanageuzwa mbolea ya msuko mwingine. Hukumu inapokuja mwaka 2022, ina nguvu kwa kuwa Tyrande ndiye anayeitoa: Sylvanas abaki Maw hadi aitafute na kuikomboa kila roho. Hata hivyo, adhabu hiyo nayo inafanya wokovu wa wahanga uwe safari ya kiroho ya mwuaji wao.

Suala la ukimbizi limepuuzwa kuliko yote, na ndilo lililokuwa na utajiri zaidi. Watu wa Gilneas waliingizwa mchezoni mwaka 2010 wakiwa wanafukuzwa nchini mwao na majeshi ya Sylvanas huyohuyo, na waliopokelewa Darnassus walipewa makao kwenye mti wa Howling Oak. Mwaka 2018 waliunguzwa kwa mara ya pili, safari hii ndani ya nyumba ya mwenyeji. Uhusiano wa mkimbizi na mwenyeji aliyegeuka mkimbizi haukuandikiwa chochote cha maana. Mwaka 2024 Gilneas inarudishwa kwa kazi chache zinazomalizika kwa kikao kimoja cha kucheza.

Kuhusu utambulisho, Waelfi wanapata mti mpya, Amirdrassil, mwaka 2023, na makazi ya Bel'ameth. Upandaji huo unachukulia kwamba utamaduni wao ulikuwa mti. Lugha yao, Kidarnassia, ambayo mchezaji anaweza kuichagua anapoandika, ni orodha ya maneno yanayobadilishwa kufuata urefu wa neno lililoandikwa. Haina sarufi wala methali. Ni vigumu kuomboleza lugha isiyokuwapo. Mchezo huuhuu uliwahi kufanya vizuri zaidi: katika toleo la mwaka 2007, barabara ya Path of Glory imetandikwa mifupa ya Wadraenei waliouawa na Waorki, na mchezaji wa upande wowote huikanyaga akienda zake bila kulazimishwa kusikiliza maelezo.

Teldrassil haikuachiwa mabaki ya namna hiyo. Anayetaka kuuona mti ukiwa mzima huenda Darkshore na kuzungumza na mhusika aitwaye Zidormi, ambaye humrudisha wakati wa kabla ya moto. Dolanaar ipo, wauzaji wapo mahali pao, na Mwelfi mpya bado anaweza kuanzia maisha yake pale.