Marafiki wa Foleni

Kuna maandishi ambayo kila kijana wa Kitanzania aliyepata nafasi chuo kikuu ameyasoma, ila hakuna mhakiki anayeyahesabu kuwa fasihi: mawaidha ya mwaka wa kwanza. Yamo kwenye barua ya kujiunga na chuo, yamo kwenye hotuba za wiki ya utangulizi, yamo kwenye ujumbe mrefu wa WhatsApp ambao mjomba anautuma siku unapopanda basi. Wanaoyaandika hawajuani, lakini wote hawaachi sentensi moja: chagua marafiki kwa makini.

Nataka kuihakiki sentensi hiyo. Nadhani imetufundisha kuyasoma vibaya maisha ya chuo, na hata riwaya zetu wenyewe.

Tuanze na kitenzi. Ili uchague, lazima uwe na vya kuchagua na uwe na muda wa kuvipima. Wiki ya kwanza haina anasa hiyo. Katika chuo nilichosoma mimi, usajili ulikuwa foleni ya siku nzima mbele ya dirisha moja. Aliyenitangulia alikuwa na kalamu, aliyenifuata alikuwa na gundi ya kubandikia picha kwenye fomu, mimi nilikuwa na lita moja na nusu ya maji. Dirisha lilipofungwa kwa chakula cha mchana, watatu sisi tulikuwa tumeshalindiana nafasi, tumeshacheka majina ya kozi zetu, na tumeshajua nani katoka wapi. Hakuna aliyemchagua mwenzake. Tulikutanishwa na shida ndogo ndogo, na kila mmoja alikuwa na dawa ya shida ya mwingine.

Yule wa gundi hakuwa na chumba. Mkopo hutoka kwa awamu, na katika awamu ya kwanza jina lake halikuwamo. Kwa hiyo tulibebana. Aliyesoma chuo cha umma hahitaji kuelezwa neno hilo: kitanda cha mtu mmoja, watu wawili, mnalala mzungu wa nne, miguu ya mwenzio ubavuni mwako, na kanuni za hosteli zinazokataza jambo hilo zimebandikwa mlangoni. Mwenye kitanda akikamatwa anaweza kukikosa. Yapime sasa mawaidha kwa kesi hii. Mgeni asiye na hela, asiye na chumba, anayekuweka hatarini wiki ya kwanza: kwa kila kipimo cha mjomba, huyo ndiye rafiki wa kukimbia.

Wahenga waliliona hili vizuri zaidi. Waliposema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, waliweka dhiki kwanza na rafiki baadaye. Urafiki katika methali hiyo ni jina unalompa mtu baada ya tendo. Mawaidha ya chuo yamegeuza mpangilio: yanakutaka umjue rafiki kabla hajatenda lolote, kwa mavazi, kwa ufaulu, kwa "malengo" yake. Ni ushauri wa kumwajiri mtu, si wa kuishi naye.

Euphrase Kezilahabi angeweza kutusaidia hapa, kama tungemsoma bila kiherehere cha kutafuta funzo. Rosa Mistika, riwaya yake ya 1971 ambayo wakati fulani ilipigwa marufuku shuleni, mara nyingi hufundishwa kama onyo: binti alitoka nyumbani, akapata uhuru, akapotea. Lakini kidole cha riwaya hiyo kimeelekezwa kwingine. Kimeelekezwa kwa Zakaria, baba mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anafika kwenye maisha ya mbali na nyumbani akiwa hajapata hata siku moja ya kujifunza kuishi na watu. Alionywa vya kutosha. Mazoezi ndiyo aliyonyimwa. Anayeitumia riwaya hiyo kumtisha mwanafunzi mpya anasimama upande wa Zakaria bila kujua.

Kichwamaji, ya 1974, inaenda mbali zaidi. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu, lakini tunamkuta likizoni, akisubiri kuonana na Manase, rafiki yake wa utotoni ambaye sasa ni mkuu wa wilaya. Mtazame Manase kwa macho ya mjomba: amesoma, ana cheo, mnajuana tangu wadogo. Huyo ndiye rafiki ambaye mawaidha yote yanatutaka tumtafute. Na ndiye aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na kuiachia familia msiba. Sijui hoja kali zaidi ya hiyo dhidi ya kuchagua watu kwa wasifu wao.

Hata hivyo nina deni ninalomdai Kezilahabi. Alisoma Dar es Salaam mwenyewe, akamaliza mwaka 1970, ila katika Kichwamaji chuo kimebaki nyuma ya pazia. Tunaona kilichomfanya Kazimoto awe mgeni kwao. Hatuoni nani alimwonyesha bomba la maji siku ya kwanza, wala nani alimwamsha asikose kipindi. Labda wakati ule haikuonekana kuwa habari. Chuo hicho kilipoanza mwaka 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Watu 14 hawahitaji ushauri wa namna ya kufahamiana. Leo kozi moja inajaza ukumbi na wengine wanasikiliza wakiwa dirishani, na bado tunatumia maneno ya mtu anayechagua embe sokoni.

Siidharau hofu iliyo nyuma ya mawaidha. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome ana haki ya kuogopa, na matapeli wa wiki ya kwanza wapo. Lakini hofu ikiwa ndiyo lugha pekee, mwanafunzi anafika akimtazama kila mtu kama mtego, na wa kwanza kuumia ni yule asiye na kitanda.

Wa gundi jina lake halikutoka hata awamu zilizofuata. Wiki ya saba alifunga begi, mimi na wa kalamu tukamsindikiza stendi. Hakuna maandishi yoyote ya kukaribisha wageni yaliyotutayarisha kwa asubuhi ile, kwa sababu yote yanaandikwa kana kwamba watakaoanza pamoja watamaliza pamoja. Nikipewa nafasi ya kuihariri ile barua ya kujiunga, ningeifuta sentensi ya kuchagua marafiki na kuandika nyingine mahali pake: njoo na kitu kimoja ambacho mwenzako kwenye foleni atakihitaji.