Miujiza Bila Mimbari: Kitereza, Kezilahabi na Sisi wa Ngara

Zikusanye hadithi tunazoandika sisi vijana wa Ngara na Biharamulo na kupitishiana kwa mkono. Zikigusa imani zina njia mbili tu. Ya kwanza ni mahubiri: binti anakwenda mjini, anaanguka, anaumwa, anaokoka, basi. Ya pili ni ya kumchamba mchungaji: sadaka inaliwa, muumini analia, gari jipya linanunuliwa. Wa njia ya pili hujiona wanamapinduzi. Mimi nasema wote bado wako kanisani, ila mmoja amekaa benchi la mbele na mwenzake yuko mlangoni anarusha mawe.

Je, hakuna njia ya tatu? Ipo, na wazee wawili wa Ukerewe walishaipita: Aniceti Kitereza na Euphrase Kezilahabi. Wote walisoma seminari. Kitereza alisoma Rubya, ambayo leo iko wilaya ya Muleba, majirani zetu kabisa. Kezilahabi alisoma Nyegezi, Mwanza. Hakuna aliyekuwa padri. Wote waliishia kwenye riwaya.

Kezilahabi ndiye tunayemtaja sana. Jina la Rosa Mistika (1971) limetoka kwenye litania ya Bikira Maria, lakini Rosa hapati kimbilio kwa baba yake Zakaria wala kwa jamii, mwishowe anajiua. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) naye anajiua. Kisha katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) mwandishi anaacha uhalisia, anaingia kwenye ndoto na visasili, anamtafuta Mungu na kweli mahali ambapo katekisimu haifiki. Haya ni mashaka ya mtu anayetafuta kwa dhati. Tatizo ni sisi tunaomwiga mbiombio. Tunadhani mhusika akijinyonga ukurasa wa mwisho, basi hadithi imeshakuwa na falsafa!

Sasa mchukue Kitereza. Riwaya yake, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, inarudi Ukerewe ya kabla ya wazungu. Mwandishi alibaki Mkatoliki, lakini ndani ya kitabu hakuna kanisa wala padri. Kuna mume na mke wanaopendana na hawana mtoto. Ndugu wanasema maneno, wakwe wanamchukua binti yao, mume anakwenda kumgomboa kwa faini ya pombe ya ndizi. Baadaye wanamwendea mganga, na Bugonoka anazaa Ntulanalwo, halafu Bulihwali.

Ukisimulia hivyo inaonekana hadithi ndogo tu. Lakini tazama anavyoiandika. Pombe inapikwa hatua kwa hatua. Mgeni anakaribishwa kwa maneno yake kamili. Dawa zinachimbwa, zinachemshwa, zinasubiriwa. Wahusika wanamtaja Mungu na wahenga wao kama wanavyotaja mvua, bila kelele. Mtoto anapozaliwa, wewe msomaji umeshangojea naye kurasa nyingi mno kiasi kwamba uzazi, jambo la kila siku, unakuwa muujiza. Hapo ndo penye ufundi wa mzee yule: hakutuambia tustaajabu, alitungojesha.

Na yeye mwenyewe alingoja. Kitabu alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Kwa Kiswahili kikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na mwaka 1981 Kitereza akafariki. Miaka 35! Kama hiyo si imani, basi jamani niambieni imani ni nini.

Sisemi kitabu hakina kasoro. Kwa kijana wa leo kinakwenda polepole, mahali pengine kinageuka darasa la mila. Tena mzigo wa utasa jamii ile inamtwika zaidi mwanamke, na msimulizi hagombi vya kutosha. Hapo namhitaji Kezilahabi, ambaye asingeliacha swali hilo lipite.

Kwa nini nawabana hivi waandishi wa huku? Kwa sababu tuna jambo zito ambalo njia zile mbili haziliwezi. Katikati ya Aprili 1994, maelfu ya watu waliokimbilia kanisa la Nyarubuye, Rwanda, si mbali na mpaka wetu, waliuawa mle mle. Kuanzia tarehe 28 mwezi huo watu wakafurika daraja la Rusumo kuingia Ngara; UNHCR ilikadiria 250,000 kwa takriban saa 24. Kambi ya Benaco ikazaliwa. Ndani yake walikuwamo waliopoteza kila kitu na walikuwamo waliokuwa wameua. Mashirika ya makanisa nayo yalikuwapo, yakigawa chakula na dawa. Hadi Desemba 1996, Wanyarwanda walipoambiwa warudi, wazee wetu waliishi na swali hilo mlangoni.

Sasa andika mahubiri juu ya hilo. Huwezi, kanisa lilikuwa machinjio. Andika tusi. Pia huwezi, aliyeshika bakuli la uji alikuwa mtu wa kanisa. Kinachobaki ni mkono wa Kitereza na swali la Kezilahabi vikae kwenye ukurasa mmoja. Mwandike mama anayetafuta kuni mahali ambapo miti imekwisha. Mwandike mwenyeji anayempa maji mtu asiyejua kama ni mjane au muuaji. Usimwokoe mhusika, usimuue. Mchemshie maji mpaka yachemke.

Mimi niliyeishia kidato cha nne sina shahada ya fasihi. Ninachojua ni kwamba msomaji wa Rulenge au Nyakahura amechoka kuambiwa atumaini. Anataka aonyeshwe mtu anayetumaini, anavyofanya asubuhi hadi jioni. Atakayeandika hivyo na alete, tusome.