Ufundi wa Kutosubiri

Mwisho wa mwezi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Machakos, mteja ametaja namba yake na keshia amebonyeza. Simu ya mteja inadai namba ya siri ya M-Pesa. Mwenyewe anatafuta miwani. Mara anapigiwa, anapokea kwanza. Wakati huo programu ya duka, inayoishi kwenye seva za kukodi huko Cape Town, inafanya nini? Kama iliandikwa na fundi, imekwisha kumwacha, inahudumia wengine.

Daraja, mlango wa M-Pesa ambao Safaricom iliwafungulia waandishi wa programu mwaka 2017, hutoa majibu mawili. La kwanza huja papo hapo na namba ya kufuatilia: ombi limepokelewa. Halisemi pesa zimelipwa, na chipukizi wengi huteleza hapo. La pili huja baadaye, kwenye anwani uliyoiacha: 0 ni kwamba mteja amelipa, 1032 ni kwamba ameghairi. Katikati, fundi huandika kwenye hifadhidata neno moja la kweli: inasubiri.

Tatizo la kusubiri si geni: mwaka 1999 Mmarekani Dan Kegel alihoji ni vipi seva moja itahudumia wateja 10,000 kwa mpigo. Kumpa kila mteja mtumishi wa kumngojea hula kumbukumbu ya mashine bure, na kwenye wingu, yaani seva za kukodi, kumbukumbu hulipiwa. Node.js, jukwaa la kuendeshea programu lililoundwa na Ryan Dahl mwaka 2009, ilieneza mtindo mwingine: anzisha kazi, iache, irudie jibu likifika. Wachongaji wa Wamunyu, huku huku Machakos, wasingeshangaa. Gogo bichi likiachwa likauke, hakuna anayekaa kulikodolea macho. Patasi iko kwenye gogo jingine.

Kuacha si kazi. Kazi ni kurudi. Jibu la pili laweza kuja mara mbili, saruji ikatoka mara mbili. Laweza lisije kabisa. Likija, fundi hulipokea, hukiri upesi kwamba limefika, huliweka foleni, ndipo hulishughulikia. Na kabla ya kufuta deni hutazama ile namba ya kufuatilia, isije ikawa lilishafutwa. Jibu likikawia, huulizia mwenyewe hali ya malipo, bila kuusumbua mtandao kila sekunde. Kwangu mimi, uangalifu huu unazishinda mbwembwe zote za kasi.

Basi wewe mwenye duka unayetafuta mwandishi wa programu, usimwulize tu ukurasa utafunguka kwa sekunde ngapi. Mwulize: jibu lisiporudi, utafanyaje?