Pete Sita Shingoni

Swali lake la kwanza fundi huyu halihusu ubovu. "Kijana, mezani kwako hii skrini inatazama upande gani?" Mwenye kompyuta huduwaa, utadhani kaulizwa kibla. Akishajibu, fundi huizungusha skrini ya kichogo juu ya meza yake mpaka itazame huko huko, ndipo huiwasha.

Ana sababu. Picha ya kichogo huchorwa ndani ya tyubu ya kioo na miali mitatu ya elektroni, mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa buluu, na mwali wa elektroni hupindishwa na sumaku yoyote, hata ya dunia yenyewe. Ulaya sumaku hiyo huinamia ardhini. Dar es Salaam huelekea juu. Kwa hiyo viwanda vilikuwa na tyubu za kaskazini, za kusini na za ukanda wa ikweta, na skrini ya mtumba kutoka Ulaya iliweza kutufikia ikiwa na doa la zambarau pembeni ambalo halikuwapo ilikotoka.

Baada ya kuwasha, hafanyi kitu kwa nusu saa. Tyubu baridi hudanganya: picha hutanuka na rangi husogea kadiri inavyopata moto. Kisha huchukua koili ya kuondolea sumaku, huizungusha taratibu mbele ya kioo, na kurudi kinyumenyume hatua kwa hatua kabla ya kuizima. Ukiizimia karibu na kioo, unaacha doa baya kuliko lile la mwanzo.

Sasa hufungua mgongo. Humo mna volti zipatazo 25,000, na tyubu hubaki na umeme hata waya ukishachomolewa ukutani. Mkono wa kushoto huutia mfukoni, ili umeme usije ukapita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Wa kulia hushika bisibisi ya plastiki. Kwenye shingo ya tyubu zimevishwa pete sita za sumaku, mbili mbili. Huanza na kioo chekundu kitupu, na jozi ya kwanza huizungusha mpaka wekundu uwe mmoja kutoka kona hadi kona.

Halafu huleta mistari myeupe iliyopishana kama wavu juu ya weusi. Hapo ndipo kazi ilipo, na hapo ndipo ninapoweza kumtazama mchana kutwa. Mstari ulioonekana mweupe kwa mbali, ukiusogelea ni mitatu iliyoachana. Jozi ya pili huvuta nyekundu na buluu kuelekeana mpaka zikutane. Jozi ya tatu huzipeleka zote mbili pamoja zikaikalie kijani. Vidole vyake husogea kwa unene wa unywele, naye hatazami vidole, hutazama kioo kidogo cha kujitazamia alichokisimamisha mbele ya skrini.

Katikati pakishatulia, hugeukia kona. Huko pete hazifiki. Huinamisha kidogo koili nyingine, ile ya kupindishia miali, na kuizuia kwa kabari za mpira. Kona ya juu ikikaa, ya chini huchomoka. Akiifuata ya chini, ya kushoto nayo hudai haki yake. Fundi mchanga angehangaika mpaka usiku. Huyu huacha uzi mwembamba wa buluu kwenye kona moja, kwa makusudi, ili katikati, macho yanakosoma, herufi zibaki safi. Mimi ustadi wake naupimia hapo.

Mwisho huzima taa ya chumba. Hushusha mwangaza mpaka weusi uwe weusi kweli, lakini kijivu cha chini kabisa bado kionekane, ndipo huongeza weupe. Akianza na weupe, weusi humponyoka.

Nilidhani amemaliza. Alifungua droo, akatoa kichupa cha rangi ya kucha, akatia tone moja moja juu ya zile pete, akazipuliza zikauke.