Ufundi wa Kuyaachia Maji

Miongoni mwa vyombo vya nyumbani vinavyotumiwa kila siku bila mtu kuuliza vimebuniwa na nani, dekio la sponji lenye kikamulio chake lina mahali pa pekee, kwa kuwa linatakiwa kuwa na tabia mbili zinazopingana: linyonye maji upesi linapogusa sakafu, kisha liyaachie upesi vilevile mkono unapotaka. Kunyonya si jambo kubwa. Hata fulana kuukuu hunyonya. Ugumu wa kazi ya mbunifu, na kwa hiyo heshima anayostahili, umo katika kuachia, yaani katika namna maji yanavyotolewa ndani ya sponji bila kiganja kuyagusa, bila mgongo kuinama na bila nusu yake kurudi yalikotoka.

Kata ya Kilakala, iliyokaa kwenye miguu ya Milima ya Uluguru katika Manispaa ya Morogoro, ni mahali pazuri pa kuupimia ufundi huu. Wakati wa masika miguu huingiza ndani matope mekundu ya miteremko, na kiangazi kinapofika udongo uleule hurudi kwa sura ya vumbi laini linalopenya chini ya milango na kutua juu ya kila kitu. Nyumba za zamani zina sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa rangi nyekundu, ilhali nyingi za siku hizi zimetandikwa vigae, ambavyo uzuri wake ni kuonyesha kila alama ya unyayo. Katika shule za bweni, mojawapo ikiwa Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Kilakala, ambayo zamani iliitwa Marian College chini ya masista wa Maryknoll, usafi wa asubuhi ni sehemu ya ratiba kama kilivyo kipindi cha hisabati, na korido ndefu ya bweni haidekiki kwa maneno. Maji nayo yana hesabu yake. Mji huu unategemea zaidi Bwawa la Mindu katika Mto Ngerengere, pamoja na vijito vinavyoshuka kutoka Uluguru, na kaya inayokinga maji kwenye madumu haiwezi kufurahia chombo kinachomaliza ndoo tatu kwa sebule moja.

Njia iliyozoeleka ni tambara. Anayedeki huinama kiunoni, miguu ikiwa imenyooka, akirudi nyuma hatua kwa hatua huku tambara likichora nusu duara mbele yake. Kisha huliinua juu ya ndoo, hulikunja mara mbili na kulisokota kwa viganja viwili vinavyozunguka kuelekea pande zilizo kinyume. Katika kusokota huko, nguvu yote hutoka kwenye vifundo vya mikono na vidole, ambavyo ndivyo viungo dhaifu kuliko vyote vinavyohusika katika kazi hiyo, na tambara likiwa zito hutoa maji kwenye mikunjo ya nje tu, lakini lile fundo la katikati hubaki limelowa. Kanuni yenyewe ni ya kale sana katika majiko ya pwani, kwa maana kifumbu cha kukamulia nazi, ule mfuko mwembamba uliosukwa kwa ukindu, hufanya kazi kwa kusokotwa namna hiyohiyo. Tofauti ni kwamba mpishi hukamua nazi moja au mbili na kumaliza, ilhali anayedeki hukamua mara kumi na zaidi kabla ya kufika mlangoni, tena kwa maji yenye sabuni, na pengine dawa kali.

Wazo la kuihamisha kazi ya viganja na kuitia kwenye mtambo uliofungwa kwenye mpini lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1893 Thomas W. Stewart, mbunifu Mmarekani mweusi wa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, alipewa hataza, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi, kwa ajili ya dekio la nyuzi lililoweza kukamuliwa kwa wenzo. Takriban mwaka 1950, huko huko Marekani, Peter Vosbikian alibuni dekio la sponji lililotumia wenzo na bamba jembamba la chuma kuibana sponji iliyolowa, na ndilo babu wa madekio mengi yanayouzwa leo. Mwaka 1956 mhandisi Manuel Jalón wa Zaragoza, Uhispania, alishika njia nyingine na kukiweka kikamulio kwenye ndoo. Joy Mangano, mwaka 1990, alirudia kusokota, ila alifanya nyuzi zisokotwe kwa kuzungusha sehemu ya mpini badala ya viganja. Inafaa kutambua kwamba wote wanne walishindania jambo moja, nalo ni mahali pa kuuweka mkono wa mtumiaji.

Kabla ya mtambo, mbunifu hana budi kuielewa sponji. Maji hayakai ndani yake kama yanavyokaa kwenye kikombe. Hushikwa na kuta za vitundu vidogo kwa nguvu iitwayo kapilari, ambayo ni tabia ya kimiminika kupanda na kujishikiza chenyewe ndani ya nafasi nyembamba. Kadiri kitundu kinavyokuwa chembamba ndivyo mshiko unavyozidi. Dodoki, lile tunda la mtambaazi ambalo likikauka hubaki kuwa wavu wa nyuzi na hutumiwa kujisugulia mwilini, ni ushahidi mzuri wa kanuni hii: lina nafasi nyingi ndani yake, lakini nafasi hizo ni pana, kwa hiyo likiinuliwa majini maji humwagika karibu yote yenyewe. Dodoki husugua vizuri lakini halifai kukaushia sakafu. Kwa upande mwingine, sponji yenye vitundu vyembamba mno hunyonya mpaka tone la mwisho kisha hukataa kulitoa, na anayedeki hubaki na tofali la maji mwishoni mwa fimbo. Sponji za bahari, zile ambazo wanawake wa Jambiani huko Unguja wamejifunza kuzilima majini, zina uwiano mzuri wa vitundu vipana na vyembamba, ila ni mali ya bafuni. Kuzisugulia matope ya Morogoro itakuwa israfu.

Hivyo viwanda vilitengeneza sponji zao. Ya kwanza ni ya selulosi, kiini cha nyuzi za mimea, ambayo hutolewa katika rojo la mbao na kugeuzwa kwa kemikali kuwa uji mzito uitwao viskosi. Uji huo huchanganywa na nyuzi za kuutia nguvu pamoja na chembe za chumvi ya salfeti ya sodiamu. Ukipashwa moto huganda, chumvi huyeyuka na kutoka, na kila chembe huacha tundu la ukubwa wake. Ni ufundi wa kupendeza, kwa sababu ukubwa wa kitundu huamuliwa na ukubwa wa kitu kitakachoondoka. Ya pili hutokana na polivinaili alkoholi, plastiki inayopenda maji, na hiyo ndiyo inayoonekana zaidi madukani siku hizi. Ikiwa kavu ni ngumu kama ubao, kiasi kwamba mtu akiigonga mezani hulia. Ikichovywa huvimba na kulainika. Mtumiaji asiyeijua tabia hii, ambaye huvuta kikamulio sponji ikiwa bado kavu, huipasua siku ya kwanza na kulaumu duka. Mbunifu makini hulitambua kosa hilo mapema na kuzifanya bawaba za chombo zigome kukunjika mpaka sponji ilainike, badala ya kuandika onyo kwenye karatasi itakayotupwa.

Sasa wenzo. Wenzo ni fimbo imara inayozunguka kwenye nukta moja iitwayo egemeo, na faida yake hupatikana kwa kulinganisha umbali wa mkono kutoka kwenye egemeo na umbali wa mzigo. Tuseme mkono unashika sentimita 30 kutoka kwenye egemeo, na fito inayovuta sponji imefungwa sentimita 5 kutoka hapo: nguvu huzidishwa mara sita, kiasi kwamba msukumo unaolingana na uzito wa kilo 5, ambao mtu yeyote huuweza, hufika kwenye sponji ukiwa sawa na kilo 30, ukiondoa kile kinacholiwa na msuguano. Lakini kanuni ya wenzo haitoi sadaka. Ili kuibana sponji kwa sentimita 4, mkono lazima usafiri sentimita 24, na hapo ndipo mbunifu hulazimika kusimama na kufikiri juu ya mwili wa binadamu, maana mvuto wa sentimita 24 ni mwepesi kwa mtu mzima aliyesimama wima, ila kwa msichana mfupi wa kidato cha kwanza unaweza kumlazimisha kuinua kiwiko juu ya bega. Akiupunguza mvuto, nguvu inayohitajika hupanda. Hakuna jibu sahihi moja; kuna jibu linalomfaa mtu fulani, na chombo chema hujulikana kwa kumchagua mtu huyo waziwazi.

Namna ya kubana nayo ina mitindo miwili mikuu. Katika mtindo wa mbawa, sponji imefungwa juu ya mabamba mawili yaliyounganishwa kwa bawaba, na fito ikivutwa mabamba hukunjana na kuifinya sponji yote kwa pamoja. Katika mtindo wa rola, sponji hupitishwa kati ya silinda mbili zinazozunguka, kama mashine za barabarani zinavyokamua miwa na kama vinavyofanya, kwa ukubwa wa kutisha, viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa katika mkoa huohuo wa Morogoro. Hesabu huonyesha mara moja kwa nini rola hukamua zaidi. Sponji yenye urefu wa sentimita 27 na upana wa sentimita 6 ina eneo la sentimita za mraba 162, kwa hiyo zile kilo 30 zikigawanywa juu ya eneo lote huleta mgandamizo wa karibu kilo 0.19 kwa kila sentimita ya mraba. Rola ikigusa ukanda wa sentimita moja tu, nguvu ileile huangukia sentimita za mraba 27 na mgandamizo hupanda hadi kilo 1.1. Rola ina faida nyingine ambayo haionekani haraka. Sponji iliyobanwa ikiachiwa hutanuka, na ikitanuka hunyonya chochote kinachoigusa, yakiwemo maji machafu iliyoyatoa sekunde moja iliyopita. Rola huyaacha maji upande wa chini na sponji iliyokamuliwa ikatokea upande wa juu. Mbawa hazina utengano huo, kwa hiyo mabamba yake hutobolewa matundu ili maji yapate njia ya kukimbia. Bei ya rola ni uchakavu, kwa sababu kila safari huivuta sponji kwenye gundi inayoishikiza na kuila kingo zake.

Anayetaka kumjua mbunifu mwangalifu aache kutazama rangi ya mpini na ageuze chombo juu chini. Hapo ataona ribiti mbili ambazo ndizo egemeo, na kama tundu zake zimetobolewa kwa ulegevu, baada ya majuma machache mabamba yatakuwa yakicheza upande na kubana kona moja tu. Ataona pale fito inapoingia ndani ya bomba la mpini, mahali ambapo maji hujipenyeza kila chombo kinapoegemezwa ukutani kichwa juu, na kwa kuwa fito za bei rahisi ni chuma kilichopakwa zinki nyembamba, kutu huanzia huko ndani, gizani, mpaka siku mvuto mmoja unapokata kila kitu. Kitundu kimoja cha kuyatoa maji chini ya bomba kingezuia jambo hilo, na gharama yake kiwandani ni karibu na bure. Ataona pia kama sponji imefungwa kwa skrubu mbili za kawaida, ambazo zinapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro, au kwa kishikizo cha plastiki cha umbo ambalo halina mwenzake duniani. Kishikizo cha namna hiyo kinamaanisha kwamba sponji ikiisha na mpini nao umeisha, na ubunifu unaomfunga mnunuzi hivyo ni hila ya biashara iliyovaa joho la ufundi.

Kilakala inauliza swali ambalo wabunifu wa Kalamazoo na Zaragoza hawakuwa na haja ya kulijibu kwa uzito. Kigae kina uso laini, na sponji huteleza juu yake bila kujeruhiwa. Saruji iliyochakaa, ambayo rangi yake nyekundu imeondoka na mchanga kujitokeza, huila sponji kama msasa, na udongo laini wa mlimani huingia kwenye vitundu na kuviziba mpaka kapilari yenyewe inapungua. Jibu la busara lingekuwa kutenganisha kazi mbili zilizounganishwa bila sababu: ukingo wa mbele wa dekio uwe na ukanda mgumu unaobadilishwa, wa dodoki lililoshonwa au wa nyuzi za mkonge, zao ambalo mashamba yake yameizunguka Morogoro tangu enzi za ukoloni, ili ukanda huo ukwangue matope kwanza, na sponji inayofuata nyuma ikaushe tu. Ukanda usinyonye, wala usipite kwenye rola. Uishie sentimita moja kabla ya bamba. Kazi kama hiyo haihitaji kiwanda kikubwa. Inahitaji karakana yenye mashine ya kutobolea, mtu anayejua kupinda bamba bila kulipasua, na subira ya kupeleka sampuli ya kwanza kwa wanaodeki, kuirudisha ikiwa imevunjika, kutazama imevunjikia wapi, kisha kutengeneza nyingine. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya kuwahudumia wenye karakana za aina hiyo, na mji wenyewe una chuo kinachowafunza walimu wa ufundi stadi, kwa hiyo mikono ya kuifanya ipo. Sehemu ngumu itakuwa ukanda wa mkonge, kwa kuwa nyuzi zake hunyonya maji kiasi na zikikaa na unyevu huoza, na atakayeujaribu itambidi aamue mapema kama ataupaka nta, atautengeneza uwe wa kubadilishwa kila mwezi, au atauacha mkonge kabisa na kushona dodoki.